Filamu Niliyoitazama Nusu

Iweke chini hiyo simu, mwanangu. Si hapo kitandani, itakuja kulaliwa. Iweke juu ya kabati, halafu njoo ukae hapa mkekani unitazame. Na usinichekee. Nimekasirika tangu jana alasiri, nikasema nikilala hasira zitapoa. Nimelala, nimeamka, nimesali, nshakunywa na chai, na hasira ziko palepale.

Nilikusikia barazani ukimcheka Rahma mbele ya wenzako. Binti wa mamaako mdogo, hana baya na mtu, kakaa zake na lile gemu lake la msichana anayemtafuta mamaake visiwani. Wewe ukamwambia ni upuuzi mtupu, gemu la watoto wa chekechea, na mwisho wake hauna maana. Wenzako wakaangua vicheko, na Rahma akalifuta palepale akaingia ndani. Nilipokuuliza umelicheza mpaka wapi, ukanijibu bila ya haya, "Hatua mbili tu, bibi, likanichosha." Hatua mbili! Sasa huo mwisho usio na maana umeuona wapi wewe?

Usinijibu. Leo nnasema mimi.

Wewe unadhani mapenzi ya mambo haya yameanza na nyinyi. Mimi bibiyo nilikuwa na wazimu wa sinema kuliko huo wako wa magemu. Sisi filamu tulikuwa tukiiita picha, na picha zenyewe zilikuwa za Kihindi, saa tatu nzima, vilio na nyimbo. Kihindi chenyewe tukikisikia nusunusu, mengine tukiyasoma usoni kwa watu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita, tunakaa Mkunazini, na kifuniko cha sanduku langu la nguo kwa ndani kilijaa sura za waigizaji nilizozikata magazetini. Majina yao yakitushinda kuyatamka, tukawapa ya kwetu. Wangu mimi nilimwita Shungi, kwa zile nywele zake za mbele. Na alikuwako mwengine nikimchukia kama kwamba babaake ana deni langu, tukimwita Pua. Kanikosea nini? Hakunikosea kitu. Alimpokonya Shungi mchumba katika picha moja, basi. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo, na kwa akili hiyohiyo nikijiona hakimu wa picha zote zinazoshuka bandarini.

Ilikuwa miaka ile baada ya Mapinduzi, miaka ya foleni za mchele. Nyumbani kwetu alikuwa akikaa shangazi yangu, Bi Zuwena, dada wa baba, na mumewe Bwana Salim. Bwana Salim alikuwa akifanya kazi katika meli ya Mombasa. Hawakujaaliwa mtoto. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, na mamaake Bwana Salim kila akija hapo nyumbani hakosi neno, ati mwanawe anazeeka bila ya mrithi, ati wanawake wamejaa Unguja. Shangazi akimtilia chai tu.

Ngoja nikwambie jambo moja juu ya Bwana Salim, maana utalihitaji. Akiwa likizo, shangazi akikaa na ungo kuchagua mchele, na yeye hukaa upande wa pili wa ungo ule, akachagua naye. Mwanamme mzima, baharia, kakunja miguu anatoa vijiwe na chuya! Majirani wakimcheka mpaka basi. Mamaake akisema karogwa. Yeye hakujali, akichagua mpaka mchele umekwisha.

Safari moja alirudi Mombasa akasema kaona picha mpya, ina kisa cha mume na mke wasio na mtoto, na mama mkwe anayetaka mwanawe aoe tena. Pua ndiye huyo mume. Alimhadithia shangazi mpaka kwenye mapumziko ya katikati, akakomea hapo. Mimi nilikuwa nje ya pazia nakunja nguo, nikamsikia shangazi akimuuliza, "Halafu?" Akamwambia, "Nusu ya pili utaitazama mwenyewe ikija Unguja." Wakacheka. Hayo ndiyo niliyoyasikia mimi, na nikaona ni mzaha wa mtu na mkewe.

Picha haijafika, Bwana Salim akashikwa na homa. Siku tano tu. Tukamzika, na shangazi akaingia eda: miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, yumo chumbani mwake na nguo nyeupe na tasbihi. Kila usiku wa Ijumaa akimsomea mumewe Yasini. Na ndani ya eda hiyohiyo, picha ikafika.

Nakumbuka Jumapili ile mpaka mnuko wa vitunguu jikoni. Shangazi aliniita chumbani, akafunga mlango. "Zaituni mwanangu," akasema, "mimi siwezi kutoka, unajua. Nenda ukanitazamie picha ile. Nusu ya mwanzo nnayo. Nusu ya pili iweke vizuri kichwani, hata kitu kidogo usikiache, uje unieleze." Akayarudia maneno hayo mara tatu. Mimi nikaona ni huzuni za ufiwa tu, nikasema, "Naam, shangazi," nikavaa buibui langu nikatoka mbio.

Nilikwenda na shoga yangu Maryamu, onyesho la saa kumi. Picha ikaanza, na kila Pua akitokea mimi nnafyonya mdomo kwa nguvu, nnatia ufyozi. Akilia nnatia ufyozi, akiimba nnatia ufyozi, mpaka mama mmoja wa nyuma akanigusa bega akanambia, "We mtoto, wengine tumekuja kutazama." Taa zilipowaka kwa mapumziko, nikamwambia Maryamu, "Mimi basi. Uso wa mtu huyu siuwezi. Na huo mwisho wake nnaujua, ataoa mke mwengine, hana ujanja." Tukatoka. Tukaenda zetu Forodhani, tukala mihogo ya kuchoma, tukapiga soga mpaka adhana ya magharibi. Nusu ya pili, ile niliyotumwa, ikaoneshwa mimi nikiwa natafuna muhogo.

Njiani ndiyo nikakumbuka nina la kueleza. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungesema kweli? Mimi sikusema. Niliingia chumbani kwa shangazi, nikakaa kitako, nikatunga. Na kwa kuwa nilimchukia Pua, nikamtungia ubaya wote niliokuwa nao moyoni. Nikasema aliona haya mwanzo, halafu akakubali. Nikasema akaoa msichana mdogo, mzuri. Nikasema yule mke wa kwanza alitolewa na kifurushi chake cha nguo akapandishwa gari la moshi, na mumewe hata dirishani hakumpungia mkono. Nikapamba, wallahi nikapamba, na nikajisikia bingwa.

Shangazi hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akasema, "Alaa. Kumbe ndiyo hivyo." Akanishukuru. Akanishukuru, mwanangu! Usiku wa Ijumaa uliofuata hakumsomea mumewe Yasini. Na jina la Salim halikumtoka mdomoni tena, mtu akilitaja yeye hugeuza uso. Mama akasema eda imemchosha. Mimi nilikuwa pale, nnakula, nnacheka, sijui kitu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya siku tisa. Jirani yetu Bi Time alikuja kumtazama mfiwa, na Bi Time huyo maneno kwake hayaishi, na chumvi haipungui. Katika kupiga porojo akaitaja picha ile, akasema, "Kheri yule mume alirudi kwa mkewe, wakaimba na mvua ikanyesha."

Sauti iliyoniita siku ile sijapata kuisikia tena. "Zaituni!"

"Naam, shangazi."

"Picha uliitazama mpaka mwisho?"

Nikatazama chini. Nikasema hapana. Nilidhani atanizaba kibao, na laiti angenizaba. Bi Time akaaga kwa aibu, kisha shangazi akanambia lile nisilolijua. Kwamba kabla ya safari ile ya Mombasa, alimuuliza mumewe waziwazi: mamaako anataka uoe, nawe unataka? Bwana Salim hakumjibu. Akarudi na kisa cha picha, akamwambia, "Ukiutazama mwisho wake, jawabu langu limo mle. Utalijua tu." Naye akafa, na jawabu limebaki ndani ya picha, na mwenye kutumwa akalichukue nikawa mimi.

"Sikukutuma ukampende mtu wala ukamchukie," akanambia. "Nilikutuma ukanitazamie. Ile ilikuwa amana, Zaituni. Umekula muhogo, umeniletea chuki zako, na mimi nimezichukua nikadhani ni maneno ya mume wangu. Siku tisa nimemnunia maiti."

Nilitoka mbio bila ya viatu mpaka sinema. Mbao za matangazo zishabandikwa picha nyengine. Bawabu akanambia ile ya zamani imepakiwa melini asubuhi, imekwenda bara, na zikenda hazirudi. Haikurudi. Shangazi alimuuliza Bi Time tena na tena, lakini Bi Time kila akihadithia mwisho huwa mwengine: leo mvua, kesho farasi. Shangazi akaanza tena kumsomea Yasini mumewe, lakini kila akimaliza akisema polepole, "Allah ndiye ajuaye alichotaka kunijibu." Alisema hivyo miaka na miaka, mpaka alipokufa. Hakunikata wala hakunilaani. 

Sasa sikia. Ramadhani iliyopita, wewe kwa mkono wako ulinitafutia picha moja ya zamani katika simu yako hiyohiyo. Nilikueleza kisa chake, ukafinyafinya, ukaipata. Ukaniuliza, "Bibi, unalia nini?" Nikakwambia ni moshi wa jiko. Haukuwa moshi. Ndiyo picha yenyewe ile, na ndiyo mara ya kwanza kuiona nusu ya pili.

Hakuna mvua mwishoni, wala farasi. Wanamvika Pua shada la maua aende kumuoa bibi harusi mpya. Anakwenda mpaka karibu na mlango, analivua, analitundika pale. Anarudi kwao kwa miguu. Anamkuta mkewe kakaa chini na ungo wa mchele.  Anakunja miguu, anakaa upande wa pili, anaanza kuchagua vijiwe.

Basi, picha imekwisha.

Umeona? Angekaa mbele ya kitu kile dakika moja tu, shangazi angelijua jawabu lake. Hata mimi ningemwambia maneno matatu, "Akachagua naye mchele," yangemtosha maisha yake yote. Bi Time alikiona akakiruka, kwake hakikuwa na maana. Mimi sikukiona kwa sababu ya pua ya mtu! Na yule Pua, mwanangu, ni mwigizaji hodari kuliko Shungi mara kumi. Nimelijua hilo na nywele nyeupe, na wa kumpelekea habari hayupo. Majuto ni mjukuu, wamesema, na yangu nimekaa nayo peke yangu mpaka leo.

Kwa hiyo nikikusikia unasema "upuuzi" juu ya kitu ulichokigusa kwa ncha ya kidole, damu inanipanda. Penda upendacho, sikukatazi. Chukia pia, Mungu kakupa moyo. Lakini kitazame mpaka mwisho kabla hujakihukumu, na kama hukufika mwisho sema, "Sikufika." Neno hilo halimuui mtu. Na kitu anachokipenda mwenzako usikivunje mbele ya watu, hujui anatafuta nini mle ndani. Rahma mamaake yuko Maskati mwaka wa tatu huu, anafanya kazi za watu, na mtoto anacheza gemu la msichana anayemtafuta mamaake. Hilo nalo hukuliona? Nyumba moja, sahani moja!

Futa machozi. Mungu akupe jicho lenye subira na ulimi unaofikisha amana kama ulivyopewa, akuhifadhi na ujuaji ulionila mimi. Simu yako ichukue pale kabatini. Nenda kwa Rahma sasa hivi, mrudishie gemu lake, ukae upande wa pili ucheze naye mpaka mwisho. Radhi zangu nimeziweka huko, mkimaliza utazikuta.