Samaki wa Mama Mzazi

Mimi ni fundi wa sofa hapa Nyamira, na kwa miaka mingi nilijiona mjanja kuliko mafundi wote wa mtaani. Nilinunua viti vikuukuu vya ofisi na vya magari yaliyotoka ng'ambo, nikavirarua, nikaloweka sponji kwenye kijito nyuma ya nyumba mpaka harufu itoke, kisha nikaichanachana kujazia mito ya kulalia. Maji yale, pamoja na vumbi lote la sponji, yaliteremka moja kwa moja hadi kwenye bwawa langu la samaki.

Mke wa mwanangu alipojifungua, mwanangu alikuwa kazini Nakuru na mke wangu alikuwa amekwisha fariki. Niliona ni juu yangu kumlisha mzazi. Kila Ijumaa, kabla Sabato haijaingia, nilivua ngege mnono kuliko wote nikamwachia mlangoni kwenye beseni. Naye hakukosa kusema, "Asante Baba, mtoto anashiba."

Siku moja mwalimu wa sayansi alileta kochi lake, akaona sponji zikielea kijitoni.

"Mzee, hii sponji iliwekwa dawa ya kuzuia moto," alisema. "Ukiosha hapa inashuka kwa matope, wadudu wanakula, samaki anakula wadudu, inabaki kwa mafuta yake. Mama akila huyo samaki, inaingia mpaka kwa maziwa."

Nilimuuliza kama inaua. Akasema si kuua, ila inaweza kusumbua ubongo wa mtoto unaokua.

Kuosha sponji niliacha siku hiyo hiyo. Kusema ndiko kulikonishinda. Kwetu Wagusii, baba mkwe na mke wa mwanawe wana mipaka. Ningeanzaje kutaja maziwa ya kifua chake? Hata kwa mwanangu nisingeweza kutamka. Ndivyo nilivyojiambia, na ni uongo mtupu. Ningeweza kusema tu, "Acheni hao samaki." Lakini mke wa mwanangu angeuliza kwa nini, na sikutaka ajue kwamba ni mimi niliyechafua bwawa. Niliogopa pia kuacha ghafla, asije akadhani nimemkasirikia. Basi nikaendelea kupeleka. Najichukia nikiandika haya.

Mtoto alipoanza kula, niliwakuta barazani. Mama yake alikuwa akichambua miiba kwa vidole, akimtia minofu mdomoni. Nilipaza sauti, "Mtoe hiyo samaki mdomoni!" Nikamweleza yote nikiwa nimesimama pale pale, maziwa na kila kitu.

Alinisikiliza macho chini, kama adabu inavyotaka. Kisha akauliza, "Baba, umejua tangu lini?"

"Tangu hajaota jino."

Alimpangusa mtoto mdomo kwa nguvu mpaka akalia.

Bado ananipikia, bado ananisalimu kwa heshima zote. Lakini mtoto akitambaa kuja kwangu, mama yake hutoka jikoni akamchukua.