Tausi na Siku za Eda

Hanan alianza kuchunguza wanyama kabla hajajua kwamba kuna watu wanaoisomea kazi hiyo. Alipokuwa darasa la pili, bibi yake, Bi Fatma, alimtuma nyuma ya nyumba yao ya Mlaleo, Kisauni, akaokote mayai. Adhuhuri ikamkuta angali amechuchumaa, hata yai moja hajaokota, anatazama kuku yupi anampisha mwenzake kwenye mtama. Bibi alimvuta sikio kidogo, kisha akauliza, "Haya, na mkubwa wao ni yupi?" Basi hapo ndipo mtoto alipoharibika.

Alipokwenda Nairobi kusomea udaktari wa mifugo, shangazi zake walisikitika kwamba msichana mzuri vile ameenda kujifunza kushika mikia ya ng'ombe. Chuoni nako hakusalimika. Mwaka wa kwanza mwalimu aliwaletea mbwa aliyejikunyata pembeni, akauliza ana nini. Wanafunzi wakataja minyoo, homa, figo. Wawili tu walijibu kwa pamoja, "Anaogopa viatu vyako." Mmoja alikuwa Hanan. Wa pili alikuwa Kafedha, Mgiriama wa Kiembeni, msichana wa maneno machache ambaye angeweza kukaa saa nzima akitazama mbuzi anavyotafuna na asione kwamba amepoteza wakati. Mwalimu alivua viatu vyake vya mpira, mbwa akainuka. Tangu siku hiyo wenzao wakawaita wapiga ramli, nao wakawa hawaachani.

Likizo ya mwaka wa tatu Hanan alirudi nyumbani akakuta Babu Stambuli, mume wa Bi Fatma, hayupo. Alikuwa amefariki mwezi uliopita. Bi Fatma alikuwa amekaa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hatii manukato. Aliyapokea yote hayo kwa utulivu uliowatisha wanawe. Hajalia, walisema. Tangu maziko hajalia.

Ila kulikuwa na jambo moja lililomkaa rohoni, nalo ni Tausi, ng'ombe wake wa maziwa. Kwa miaka sita Bi Fatma alimkama kwa mikono yake mwenyewe. Zile siku za matanga jirani alimsaidia, akaambulia kikombe kimoja na teke la goti. Bi Fatma aliporudi kwenye zizi, ambalo liko hapo hapo uani, Tausi akamgeuzia kichwa na kuyabana maziwa. Jana vile, leo vile.

"Hata Tausi hanijui tena," alimwambia Hanan. Alilisema taratibu, akaingia ndani.

Ami Junaid, mwana mkubwa wa Bi Fatma, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mipango. Arobaini ya baba yake ilikuwa Ijumaa, wageni watakuja wengi kwenye khitma, na hapa pana ng'ombe asiyetoa maziwa anayekula majani bure. Mchinjaji alishaambiwa aje Alhamisi asubuhi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

"Nipe mpaka Jumatano, Ami," Hanan akaomba.

"Ana ugonjwa?"

"Hana."

"Sasa wewe daktari utamtibu nini?"

Hanan akampigia simu Kafedha.

Kafedha alifika siku ile ile kutoka Kiembeni, na daftari na chupa ya maji. "Shikamoo, Bibi," alisema dirishani, akaitikiwa "Marahaba, mwanangu," kisha akageuza ndoo, akaikalia mbele ya zizi. Hanan hakuwa na subira ile. Yeye alishapata jawabu lake: Tausi anamlilia Babu, aliyekuwa akimkatia majani kila asubuhi. Akachukua kikoi cha kazi cha marehemu, akakitundika kwenye boriti ili ng'ombe apate faraja ya harufu yake. Tausi alikinusa kwa makini, Hanan akaanza kuandika. Kisha Tausi akakivuta, akakila. Kikoi kilipookolewa, kilikuwa kimebaki robo.

"Huo ndio usomi?" sauti ya Bi Fatma ilitoka dirishani. "Mwalisha ng'ombe nguo za mume wangu?"

Kafedha aliandika: kikoi, hapana. Usiku ule Hanan alilala na aibu yake.

Jumanne hapakuwa na jipya. Jumatano baada ya alasiri, Bi Nyamvula alikuja kutoka Likoni kumhani Bi Fatma. Alikuwa mama mnene, mchangamfu, na buibui lake lilikuwa limefukizwa udi likafukizika hasa. Alipita uani kwenda ndani. Tausi aliacha kutafuna. Akainua kichwa, akavuta pumzi, akalia mlio mrefu wa chini chini.

"Hanan," Kafedha alisema bila kuinuka. "Tazama kiwele."

Maziwa yalikuwa yanadondoka yenyewe, tone kwa tone, kutoka chuchu zote nne.

Wakatazamana. Bi Fatma, mwanamke ambaye hapo zamani hakupata kushinda siku bila udi kwenye chetezo na mafuta ya haludi shingoni, leo alikuwa anaingia zizini akinuka sabuni ya kipande. Hanan alikimbilia dirishani, akaeleza kwa pupa. Bi Fatma akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nina eda," akasema. "Sitii manukato kwa ajili ya ng'ombe, wallahi, hata akichinjwa."

"Mimi sina eda, Bibi. Nipe leso zako za sandukuni."

Zilikuwa zimefukizwa kabla ya msiba. Hanan alijifunga moja kiunoni na nyingine kichwani, akaingia, akachuchumaa. Tausi alimnusa bega, akatulia. Shida iliyobaki ilikuwa ya daktari mwenyewe, maana mishipa yote ya kiwele aliijua kwa majina, lakini kukama hakujua.

"Usivute hivyo!" Bi Fatma alifoka dirishani. "Bana juu, kisha shusha vidole kimoja kimoja. Miaka mitatu wafundishwa nini huko?"

Maziwa yalipiga ndoo. Yakapiga tena, yakashika mwendo, na povu likapanda mpaka Kafedha akaleta ndoo ya pili. Hanan alikwenda nayo dirishani, leso imemlegea, jasho linamtiririka.

"Hajakukataa, Bibi. Alikuwa akikutafuta. Ukija bila harufu yako, hajui kuwa ni wewe."

Bi Fatma aliinamia kizingiti cha dirisha. Harufu ya leso zake ilimfikia, ileile aliyokuwa akimfukizia Stambuli kila Ijumaa, na hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, siku ya thelathini na nane, na Hanan akalia naye, na Kafedha akafunga daftari. Ami Junaid alipoonyeshwa ndoo mbili alikuna kichwa, akampigia simu mchinjaji na kuagiza mbuzi.

Likizo ilipokwisha, jirani alifundishwa kuvaa zile leso za Bi Fatma ndipo akame. Miezi ikapita. Siku moja simu ililia bwenini Nairobi, Hanan na Kafedha wakiwa wamekaa kitandani wanasoma.

"Hanan."

"Abee, Bibi."

"Leo nimetoka eda. Nimeogeshwa, nimefukizwa, nimetiwa na haludi. Wageni wamejaa sebuleni waningoja. Nikasema nipite kwanza kwa Tausi."

"Ehe?"

"Sijafika hata mlangoni, mwanangu. Nali kule kisimani, ashaanza kunita. Yuwanijua."

"Na wageni je?"

"Wangoje."

Simu iliwekwa mahali, labda juu ya boriti. Hanan na Kafedha waliegemeza vichwa pamoja wakasikiliza maziwa yakipiga ndoo, na hapana aliyekata simu.