Wakwe Waliosimamishwa Njiani Shambani kwa Afedra

Afedra wa Aroi alipostaafu jeshini alipanda michungwa, akaipanga mistari iliyonyooka kama gwaride, na kila jioni akaikagua mikono nyuma. Aliipenda vibaya. Kila shina alilirundikia udongo hadi usawa wa goti, akaulainisha kwa kiganja, kisha akalimwagia maji, mvua iwepo isiwepo. Majani yalipogeuka njano, akaongeza maji. Mashina yalipoanza kutoka gundi, akaongeza udongo.

Kevina, bibi shamba kutoka Arua, alifukua kidogo chini ya shina, akang'oa kipande cha mzizi, akakinusa, akampa Afedra naye anuse.

"Mzee, ugonjwa iko ndani ya udongo," alisema, "na wewe ndiye unaufuga. Maji imezidi, miti inaoza shingo."

Akamwagiza afukue vile vichuguu ili shingo za miti, pale shina linapokutana na mizizi, zipate hewa, achimbe mfereji wa kutoa maji, atie mboji iliyokomaa, na aunyweshe udongo dawa ya ukungu kwa kipimo. La mwisho alilisema akiwa ameshapanda pikipiki: tope la viatu na majembe hubeba ugonjwa, kwa hiyo watu wasafishe nyayo kabla ya kuingia.

Hayo mengine Afedra aliyafanya kwa uchungu. Hili la mwisho alilifanya kwa furaha, maana hatimaye alikuwa amepata kizuizi chake cha njiani kama cha jeshini. Kesho yake kamba ilikatiza njia, beseni la maji ya jiki, dawa ya kung'arishia nguo, likiwa chini, brashi pembeni, mwenyewe kwenye kiti. Katekista alisuguliwa viatu. Mbuzi alisuguliwa kwato. Mindra, mkewe, akitoka kisimani na ndoo kichwani, alisuguliwa ndala, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo atapika upande wa pili wa kamba, mwenye njaa avuke.

Jumamosi wakaja wakwe kutoka Koboko kumposa Rejoice, binti wa Afedra na Mindra. Njia ya kufika nyumbani ilipita katikati ya michungwa. Aliyetangulia ni Mzee Sebit, baba wa kijana anayeposa, suti nyeusi, viatu vinang'aa.

"Simama!" Afedra alifoka kabla hajakumbuka hao ni nani. "Viatu kwanza!"

"Mimi natoka Koboko na heshima yangu, halafu wewe nataka kusugua mimi?"

"Si wewe, mzee. Ni tope ya huko kwenu."

Hilo halikusaidia. Mlangoni, Mindra alijifunika uso kwa leso. Sebit aligeuka aondoke na msafara wake, na hapo macho yake yakaangukia shina la kwanza, limefukuliwa hadi mizizini, lina michirizi ya gundi.

"Hii ni nini?"

"Ugonjwa."

"Malimau yangu huko Abuku inalia hivi hivi! Mimi nasema ni nguvu ya miti."

"Unarundika udongo?"

"Kila wiki."

"Na maji?"

"Mingi!"

Afedra alimtazama kama aliyemwona ndugu yake wa tumbo moja. Sebit mwenyewe akatia mguu kwenye beseni, kiatu na yote, na pindo la suruali likaingia pia. Muda si mrefu wazee wawili walikuwa wamepiga magoti chini ya mchungwa, wakinusa mizizi kwa zamu.

Chakula kikapoa. Mindra na Natalina, mama wa kijana, walingoja hadi wakachoka, wakakaa mkekani, wakamaliza kila kitu wenyewe: mahari, siku ya harusi, hata rangi ya nguo za wasimamizi. Wanaume walipoitwa kukubali, walikubali yote, vidole vimejaa mboji, suruali ya Sebit ina mabaka meupe.

Si miti yote iliyopona. Ile ya bondeni ilikufa ikang'olewa, na Afedra akashinda bila kula. Iliyobaki ilichipua majani mabichi mvua iliyofuata.

Siku hizi Sebit humpigia Afedra simu kila Jumapili baada ya kanisa kuuliza habari za dawa na mifereji, na Rejoice hulazimika kumnyang'anya baba mkwe simu ili naye apate kumsalimu baba yake.