Mizani ya Anko Musyoka

Wenzangu mliokulia Deira, hapa Dubai, mtanisahihisha nikikosea, lakini baridi ya enzi zetu ilikuwa na heshima yake. Ilikuja Desemba ikakaa mpaka Februari, na kila mtu akajua imekuja. Makoti yalitolewa chini ya vitanda yakinuka dawa ya nondo. Viyoyozi vilizimwa, madirisha yakafunguliwa, na jengo letu zima pale Al Muraqqabat likaanza kusikiana: nani anakaanga vitumbua, nani kapigiwa simu kutoka kwao, nani hazungumzi na mumewe tangu jana. Sisi watoto tuliruka kamba kwenye korido mpaka mlinzi akatufukuza, tukapanda lifti, tukaenda kuruka kamba kwenye korido ya juu. Watoto wa siku hizi ukiwauliza sasa ni msimu gani, wanatazama simu kwanza.

Kitu kingine tulichokuwa nacho ni kushukiwa. Sisi tulilelewa kwa kushukiwa na kwa kushuku. Ukiingia nyumbani na peremende mkononi, mama yangu alikuwa na maswali yake tayari: nani kakupa, kwa nini kakupa, na nani mwengine kapewa. Usipoweza kuyajibu yote, peremende inakwenda kwenye ndoo ya taka na wewe unakwenda kunawa mikono. Mama alitoka Unguja akiwa bi harusi, na miaka yote aliyokaa Dubai aliichukulia kama ugenini kwa mtu asiyemjua vizuri. Alikula, alishukuru, lakini mkoba wake hakuuweka chini.

Aliyewapa mama zetu kazi ya kushuku kuliko wote alikuwa Anko Musyoka. Alikuwa Mkenya wa Machakos, dereva, mrefu, mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake. Miaka mingi aliendesha gari la familia moja ya Wazungu kutoka nchi ya theluji. Watu wale walikuwa na klabu yao. Kila msimu wa baridi walitoka kwa njia ya Hatta mpaka kwenye mchanga mwekundu, wakavaa ski miguuni na kutembea jangwani kama wanavyotembea kwao kwenye theluji. Msidhani ni zile za kuporomoka mlima tu. Hizi zilikuwa za mwendo mrefu, nyembamba, kisigino hakifungwi, na unakwenda na fimbo mbili: unapanda, unashuka, unavuka bonde, unapanda tena. Anko Musyoka alikuwa akiwasubiri garini. Siku moja wakamvalisha, akaanguka sana, akazipenda. Walipomaliza mikataba yao na kurudi kwao wakamwachia ski zote, za wakubwa na za watoto. Yeye akaenda kuendesha gari la hoteli moja Garhoud, na ski zile akaamua kuanzishia klabu ya watoto wa Waswahili. Sisi tuliziita mbao tu.

Hakutaka malipo. Hapo ndipo alipoharibu.

"Mtu ana siku moja ya kupumzika," mama alisema, jikoni, akimwambia Mama Akinyi wa ghorofa ya chini. "Hana mke hapa, hana mtoto hapa. Anaamka alfajiri kupeleka watoto wa watu jangwani, na maji ya kunywa anawanunulia yeye. Halafu hataki kitu. Hebu niambie anataka nini."

"Lakini si ni mtu wetu, Mama Saada," alisema Mama Akinyi, ambaye kwao ni Kisumu.

"Wenu nyinyi. Mimi namjulia wapi?"

Baba ndiye aliyeniruhusu kwenda. Alifanya kazi kwenye duka la viungo, Ijumaa ndiyo siku yake ya kulala, na nadhani alitaka nyumba itulie. Ijumaa ya kwanza tulibanana watoto wa jengo letu kwenye basi dogo aliloazima Anko kwa rafiki yake. Nami, kwa kuwa ni mtoto wa mama yangu, nilichungulia chini ya viti vyote kabla sijakaa. Sijui nilikuwa natafuta nini.

Siku ile tulijaribu viatu tu na kujifunza kuanguka bila kuvunja fimbo. Mchanga wa asubuhi ya baridi ni mgumu na una unyevu wa umande, ukiugusa unauma vidole. Tulicheka mpaka tukapaliwa. Tuliporudi, Anko alitutangazia kwamba Ijumaa ijayo atatupima uzito, kila mtoto apate mbao zake za msimu mzima. Nikafika nyumbani, nikamsimulia mama yote, na la kupimwa nikalisema mwisho.

Mama aliweka upawa chini.

Wenzangu mnakumbuka maneno yaliyokuwa yakisemwa miaka ile. Yalikuwapo mambo ya watoto wadogo kuuzwa na kupandishwa ngamia wa mashindano, kabla serikali haijayapiga marufuku, na kila mama wa mtaa wetu alikuwa na kisa alichosikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Katika visa vyote hivyo, mtoto aliyetafutwa alikuwa mtoto mwepesi. Na mimi nilikuwa mwepesi kweli, mtoto wa kula sahani nzima ya pilau isionekane ilipokwenda. Sasa hapa pana mwanamume asiyetaka malipo, ana gari, anaelekea jangwani, na ameleta mizani. Mama hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Angeweza kunikataza. Lakini baba alikwisha kusema niende, na mama hakuwa mtu wa kumpinga mumewe mbele ya mtoto. Akapita njia yake. Wiki nzima nililishwa vitumbua, uji wa maziwa, mkate wa kumimina, na usiku ndizi za kupika kwa nazi. Alhamisi alinitazama akaona bado shingo yangu ni ile ile. Basi akatoa kabatini mawe ya mizani, yale ya chuma ambayo baba aliyaleta nyumbani duka liliponunua mizani ya umeme, tuliyokuwa tukizuilia milango. Akafumua bitana ya koti langu, akayashona ndani.

"Kama anatafuta wepesi," alisema huku akikata uzi kwa meno, "kwako hapati."

Asubuhi yake Anko aliweka mizani yake ya kusimamia kwenye sakafu ya maegesho, chini ya jengo. Juu, kila dirisha lilikuwa na mama. Nilipanda na koti langu. Anko akasoma, akanitazama, akainama akasoma tena. "Saada, wewe uko na mifupa mizito," alisema, akaniandikia jina kwa chaki kwenye mbao za mtoto mkubwa. Dirishani kwetu pazia likafungwa.

Sasa msimu ukaanza, na mimi nikaanza kuteseka. Jua likipanda kidogo kila mtoto anavua koti na kulitundika kwenye mlango wa gari, nami nikavua langu. Kila tulipofika kwenye mlima wa mchanga, wenzangu walipanda tapu tapu kama bata, na mimi nilirudi nyuma. Napiga hatua, mbao inateleza. Nachoma fimbo, narudi. Akinyi akaniita Rivasi, ile gia ya gari ya kurudi nyuma, na jina likanishika. Nililia garini nikijifanya ni mchanga umeingia machoni. Nilikuwa naitamani ile siku ya kufunga msimu, ambapo klabu nzima ingevuka milima yote mpaka kwenye mti mkubwa wa mghafu uliosimama peke yake na kurudi, na nilijua sitafika hata mlima wa kwanza.

Kisha ikaja Ijumaa ya upepo. Hakuna aliyevua koti. Nikapanda. Nilipanda mlima wa kwanza na wa pili, nikasimama juu nikiwatazama kina Akinyi chini yangu, nikasema kumbe nimejua. Upepo ulipotulia nikavua koti, na Rivasi akarudi.

Nikamwona Anko Musyoka ananitazama kama mama anavyomtazama muuza samaki. Alikwenda kwenye gari, akalishika koti langu, akalipima kwa mkono, akalirudisha taratibu mahali pake. Tulipofika nyumbani akaniuliza:

"Mama yako yuko?"

Mama alikuwapo. Alimkaribisha kwa chai, kwa sababu hata mtu unayemshuku anapewa chai, lakini mlango wa mbele uliachwa wazi na baba akaamshwa aje akae. Anko aliweka koti mezani. Likagonga.

"Mama Saada, mimi sijakuja na maneno," alisema. "Nataka nikuonyeshe kitu, halafu niende."

Akalaza mbao zangu kwenye marumaru ya sebuleni. Akamwonyesha kwamba ski imepinda katikati, haigusi chini, na hapo katikati, kwa chini, ina mikato kama magamba ya samaki. Magamba ndiyo yanayoshika mchanga ukipanda. Lakini yatashika tu ikiwa aliyesimama ana uzito wa kuikandamiza ski mpaka ikalala. Ndiyo maana ya kupima. Akachana karatasi ya gazeti, akaipitisha chini ya ski, akaniambia nisimame kwa mguu mmoja bila koti. Akamwambia mama avute karatasi. Ikatoka yenyewe. Akanivisha koti. Mama akavuta, karatasi ikakataa mpaka ikachanika.

Mama alipiga magoti sakafuni akarudia. Koti, bila koti, koti, bila koti, mpaka gazeti la baba likaisha.

"Kumbe," alisema. Akabaki amekaa pale chini. Kisha, kwa sababu hakujua kuficha jambo likishamfika kooni, akamwambia yote: ngamia, wepesi, mawe.

Anko Musyoka aliweka kikombe chake mezani. Mama aliwahi kuniambia kwamba yeye mwenyewe alitamani sakafu impokee. Sauti ile ndogo ilipotoka ilikuwa ndogo zaidi.

"Mimi, Mama? Niuze mtoto?" Akatikisa kichwa. "Hapana, ulifanya poa. Mimi niko na watoto huko Machakos, nawaona kwa picha. Nikikaa room siku ya off, nawaza tu, ndiyo maana nachukua hawa. Lakini mtu akija na mizani kupima wangu, ningetaka kuwe na mama hapo wa kumuuliza ni ya nini."

Nilitazamia mama amtake radhi. Alimwongezea chai. Kisha akasema, "Hili la mbao nimeliona. La gari na jangwa sijaliona. Ijumaa nakuja."

Akaja, na kiti cha kukunja, chupa ya chai na bakuli la vitumbua lililofungwa kwa kitambaa. Akakiweka kiti mchangani, akageuza uso kwetu, akakaa. Hakuvaa mbao hata siku moja. Alitazama tu, mkono juu ya macho, Ijumaa baada ya Ijumaa. Wale mama waliokuwa wameanza kuwazuia watoto wao wakawarudisha, maana waliambiana Mama Saada yuko kule na mahali palipo na Mama Saada hapapiti kitu. Klabu iliendelea baridi kadhaa kwa ajili ya kiti kile. Na mghafu niliufikia, kwa mbao zangu halisi, za uzito wangu bila mawe. Niliugusa gome, nikageuka, na kutoka kule mbali nilikiona kiti, kimejaa.

Mkataba wa Anko ulipokwisha alirudi kwao. Mizani yake alimwachia mama. Mpaka leo sijui kama ilikuwa zawadi au utani.

Siku hizi naishi Al Nahda na nina mtoto wangu, Imran. Watoto wa leo hawajui mchanga unavyouma asubuhi. Theluji yao iko ndani ya jengo la maduka, na ukitoka unanunua aiskrimu. Kuna klabu ya ski za mwendo mrefu humo, msimu wa baridi, na kumwandikisha mtoto ni kubonyeza simu. Simu ikauliza uzito wake. Wazazi wengine wote walijaza, wakamshusha mtoto mlangoni, yalla, wakaenda kunywa kahawa. Mimi nikaingia nikamuuliza kijana anayewafundisha, kijana wa Nairobi mwenye kitu sikioni, uzito ni wa nini.

"Ni system inaitisha tu, madam."

Hajui. Anawapima watoto wa watu na hajui ni kwa nini. Nikaomba ski ziwekwe sakafuni, nikaomba karatasi, na jengo zima halina karatasi. Nikatoa risiti ya dukani mkobani, nikapiga magoti.

"Mama, watu wanaangalia," alisema Imran.

"Waache waangalie. Simama kwa mguu mmoja."

Risiti ikashika. Ski zilikuwa sawa kabisa. Sikuridhika.

Nikampigia mama Unguja, ambako amerudi kupumzika. Siku hizi sauti yake ni ya pole, na kuna siku hunisahau jina akaniita kwa la dada yake. Nikamwambia Imran kaingia klabu ya mbao. Nilidhani hatakumbuka.

"Kapimwa?"

"Kapimwa, mama."

"Na wewe uko wapi?"

Nikatazama. Mbele yangu kilikuwa kioo, na nyuma ya kioo watoto wamepanga mstari kwenye theluji na makoti ya kukodi. Upande wetu hapakuwa na mzazi hata mmoja. Enzi zetu mtoto hakuweza kuvuka korido bila macho ya mtu mgongoni, na tuliyachukia macho yale. Nikavuta kiti kutoka kwenye mkahawa wa jirani, miguu yake ikalia sakafuni.

"Nimekaa, mama. Namuona."

"Haya," alisema. "Basi usinyanyuke."