Jembe Lisilolia

Najua sifa yangu. Shuleni kwetu mimi ndiye niliyemwambia mwalimu wa zamu kwamba kuna chatu ndani ya tangi la maji, bweni zima likalala bila kuoga na likafurahi. Kwa hiyo mkisema na hiki nimekitunga, siwalaumu. Ila chatu nilimtunga. Hiki kilitokea. Ningekuwa nimekitunga mimi, ningekiwekea mwisho wenye huruma.

Mjomba wangu, ninayeishi naye hapa Chanji, aliwahi kuhangaika na dhahabu kule Chunya kabla hajaja Sumbawanga kufungua duka la vipuri vya pikipiki. Dhahabu hakuiona. Alichorudi nacho ni ile mashine ya wachimbaji, ditekta: fimbo ndefu, chini ina sahani, ukiipitisha juu ya chuma inalia ng'wiii kama nguruwe aliyeona kisu. Aliitupa stoo. Mimi na mshikaji wangu Deo tukaifufua.

Deo alikuwa anakusanya sarafu za zamani. Sio za kuuza. Alizipenda tu, kama wewe unavyopenda mpira. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga, ndani senti za mkoloni zenye tundu, sumni, na nyingine hata picha haionekani. Ukitaka akupige, chukua sarafu iliyotoka ardhini uisugue kwa mchanga ing'ae. "Umeifuta uso, fala wewe!" Na watu walivyojua tuna mashine, walitufuata na punje za mchele kwenye karatasi, kuuliza kama tumepata ile rupia ya Mjerumani inayovuta mchele. Deo aliwajibu, "Mzee, nikipata inayovuta mchele, nitaiambia ivute na maharage."

Kila tunapoanza kazi, kwanza tunaijaribu mashine kwenye mkanda wa Deo. Ulikuwa na chuma kikubwa mbele, urithi wa kaka yake, na alikuwa amekikwaruza herufi D kwa msumari. Ikilia hapo, betri ni nzima, twende.

Likizo fupi ya Pasaka tukaenda Mwimbi kwa bibi yake Deo. Mimi Mnyakyusa, wazazi wangu waliletwa Rukwa na ajira, kwa hiyo mambo ya kule nayaonaga ya kuchekesha tu. Bibi alipoiona mashine hakuishangaa. Aliuliza, "Mtachimba?"

"Vijishimo tu, bibi," nikamwambia.

"Wajukuu zangu, tuta likifunguliwa halilali wazi. Na anayelifunga ni yule yule aliyelifungua, sio mwingine."

Mnayajua matuta ya Wafipa? Ya duara, kama vichwa vimepangwa shambani. Unapindua nyasi ndani, unazifunika kwa udongo zioze ziwe mbolea. Nikamwuliza Deo njiani, likilala wazi linapata mafua? Deo hakucheka. Sisi wenyewe tulikuwa na kanuni hiyo hiyo, ukifukua fukia, maana ng'ombe wa watu watavunjika miguu. Lakini tulikuwa tunaifuata kama tunavyofuata kanuni ya kunawa mikono.

Tukapanda mpaka kwenye mlima wenye tanuru la kale la chuma, lile pipa refu la udongo ambalo wazee waliyeyushia mawe. Ilikuwa alasiri. Msinitolee macho: mnadhani mizimu inangoja usiku wa manane? Kwa baridi ile ya Ufipa? Tukaokota vizibo vya soda, msumari, na kipande cha sufuria. Halafu ukungu ukashuka, ule wa kukunyima hata vidole vyako.

Ndani ya ukungu tukasikia jembe. Kho. Kho.

Tukamfikia mtu mzima mmoja, kifua wazi, kaptula ya kaki, miguu peku kwenye nyasi zenye maji. Anapiga matuta, mistari na mistari. Akainua kichwa.

"Marahaba," akasema.

Sikilizeni vizuri. Tulikuwa hatujamwamkia.

Mimi nikaona ni utani, na utani ndio kwetu. Nikamwelekezea sahani tumboni. "Mzee, tukupime kama umemeza sarafu?" Akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, haki ya Mungu. Mashine kimya. Nikaipitisha kwenye jembe lake, chuma kipana kama sinia. Kimya. Nikageukia mkanda wa Deo: ng'wiii! Nikarudi kwenye jembe. Kimya.

"Deo," nikanong'ona, "jembe la huyu mzee halilii."

"Umeishika vibaya."

Yule mtu akasogea kutoka juu ya tuta alilokuwa amesimama, na pale alipotoka mashine ikapiga kelele mpaka masikio yakauma.

"Chimba basi, mwanangu," akamwambia Deo, akamnyooshea jembe.

Tuta lenyewe lilikuwa bichi, la siku ile ile. Deo akalipasua. Akatoka na rupia ya fedha, upande mmoja kichwa cha mtu mwenye kofia ya tai. Mshikaji wangu alipiga kelele kama msichana. Aliitafuta hiyo tangu darasa la sita! Yule mtu akahamia tuta jingine, likalia. Deo akapasua. Rupia. La tatu, rupia. Akawa hasikii wala haoni, tope mpaka magotini, na yule mtu anacheka, "Vijana wa shule! Wana nguvu, jamani, wana nguvu!" Hata mimi nilipasua tuta moja dogo, kwa mikono, kwa wivu tu. Nikapata senti yenye tundu, nikaitia mfukoni.

Nyuma yetu matuta yalikuwa yamebaki wazi, vinywa vitupu vya nyasi nyeusi.

Kwenye tuta la mwisho mashine haikulia mara moja tu, ililia na kulia bila kunyamaza, hata nilipoiondoa. Deo akachimba, akavuta kitu kirefu. Mkanda. Ngozi imeoza inamomonyoka, chuma kimeliwa na kutu kama kimelala ardhini tangu enzi za babu zetu. Akakifuta kwa kidole gumba. Herufi D.

Akajishika kiunoni. Na hapo hapo suruali yake ikaporomoka mpaka kwenye vifundo.

Nilicheka. Mtanisamehe, nani asingecheka? Nilicheka peke yangu, maana yule mtu alikuwa ameacha.

"Aliyefungua na afunge," akasema taratibu. "Mimi nimechoka."

Nikamkamata Deo mkono. Alikuwa anaangalia yale matuta. "Ngoja nifunge," anasema, "ngoja kwanza nifunge!"

"Fala wewe, kimbia!"

Tukakimbia, yeye ameshika suruali kwa mkono mmoja na rupia kwa mwingine. Nyuma yetu hakuna aliyetufukuza. Kwa nini atufukuze?

Bibi alitukuta mlangoni. "Mlifunga?"

"Tulifunga, bibi," nikajibu mimi. Bibi akaangalia kucha zetu. Asubuhi akabeba jembe, akatuswaga mbele mpaka mlimani. Tanuru lilikuwepo. Tuta halikuwepo hata moja. Nyasi tupu, ndefu, hazijaguswa. Kuna cha kufunga hapo? Bibi akakaa chini kwenye umande, akaanza kulia na kusema kwa Kifipa. Kifipa chote nilichonacho ni matusi aliyonifundisha Deo, na hayakuwemo.

Tuliporudi mjini nilimnunulia mkanda mpya, kumchangamsha. Siku moja yuko stoo kwa mjomba anapanga sarafu zake, nikampitishia sahani kwa nyuma, utani wetu wa siku zote. Kimya. Mkanda mpya, funguo mfukoni, kimya. Nikaishusha kwenye sakafu alipokanyaga. Ng'wiii.

Aligeuka akaniona. "Imesemaje?" akauliza.

"Betri imekufa," nikamwambia.

Akatabasamu, kwa sababu alikuwa ameisikia na yeye.

Baada ya hapo akawa anaamka na tope kwenye kucha. Viganja vikaota sugu. Alikuwa anasugua zile rupia kwa mchanga usiku kucha mpaka zikabaki vibati vyeupe visivyo na uso. Deo, mwenye sarafu zake! Mvua za kwanza zilipoanguka, alitoka getini mwa shule miguu peku. Mlinzi anaapa kwamba alimwambia "Marahaba" kabla hajafungua mdomo, na mlinzi ana wajukuu.

Walimtafuta mpaka Kaoze, kule bondeni. Mama yake bado anamwekea sahani ya chakula.

Mimi nilijua pa kumtafuta. Pasaka iliyofuata nikapanda mlimani peke yangu, bila mashine. Ukungu. Kho. Kho. Kaptula ya sare ya shule, kifua wazi, matuta mistari na mistari, yote yamefunikwa vizuri.

"Marahaba," akasema Deo.

"Deo, twende nyumbani. Mama anakulilia."

Akacheka. Sio kicheko chake. Kilikuwa kizuri zaidi. "Haya yangu nimeyafunga yote, mshikaji. Kila nikiyafunga yanafunguka. Lakini lile dogo siligusi." Akanyoosha kidole. Tuta dogo, wazi, alama za mikono yangu bado zipo kwenye udongo. "Lile lako." Akaninyooshea jembe.

Sikulipokea. Niliteremka ule mlima kwa makalio.

Kwa hiyo wewe unayetafuta sarafu, ukifukua, fukia kabla hujakitazama ulichopata. Na mtu akikuitikia shikamoo ambayo hujamwamkia, pitisha mashine kwenye jembe lake, halafu usisubiri majibu.

Mimi ile mashine sijaiuza. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule naingia stoo, naiwasha, naipitisha kwenye mkanda wangu. Inalia. Mpaka leo inalia.

Ila siku hizi inafikiria kwanza.