Laptopu Ndani ya Gunia la Maharagwe

Mimi ni mwalimu wa somo la biashara huku Ndhiwa, na kila mwaka huwafundisha wanafunzi wangu mada ya kodi. Huwaambia kodi ndiyo inayojenga zahanati na barabara, na kwamba raia mwema hudai risiti. Wanaandika vichwa vimeinama. Nami hugeukia ubao upesi, nisije nikaonekana uso, kwa kuwa najua nilichomfanyia mama mkwe wangu kwa sababu ya kodi ya laptopu moja.

Laptopu yangu ya zamani iliniharibikia wakati wa mitihani. Walimu wa Kiswahili huiita kipakatalishi, lakini ikizima na alama za wanafunzi wote ndani, hakuna anayekumbuka usanifu. Nikashuka Migori, kwenye duka la Mwislamu mmoja aliyetoka pwani, ambaye walimu wengi hununua kwake. Akanitolea mashine niliyoipenda, akanitajia bei. Nikamuuliza mbona iko juu hivyo.

"Kodi imo humo humo, mwalimu," akasema. "Ile ya ongezeko la thamani."

Nikasogea karibu, nikapunguza sauti. "Na bila risiti je?"

Akacheka kidogo, akaifuta mashine vumbi na kuirudisha kabatini. "Bila risiti siuzi. Kodi si yangu, mwalimu. Mimi naipokea tu, nikaipeleka kwa wenyewe."

Nilitoka nimenuna. Laiti ningekuwa sina pesa, leo ningekuwa na la kujitetea. Nilikuwa nazo, tena zimo mfukoni. Kilichoniuma ni ile sehemu ya serikali tu, na mimi ni mtu ambaye nikishaumwa na kitu kidogo hivyo silali mpaka nikitoe.

Mke wangu ni Mkuria wa Kegonga, na watu wa kwao wana ndugu pande zote mbili za mpaka. Mama yake huvuka kwenda soko la upande wa Tanzania tangu alipokuwa msichana. Huenda na ndizi, hurudi na maharagwe. Maafisa wa forodha wanamjua, wanamwamkia, anapita. Huko ng'ambo nikampata muuzaji asiyetaka mambo ya risiti. Si kwamba kwao hakuna kodi. Ipo, ila yule bwana naye alikuwa haipendi kama mimi. Tukaelewana haraka.

Lakini kuivusha nilishindwa. Mimi nikisema uongo natoka jasho mpaka kwenye nyusi. Ndipo siku ya soko, sote tukiwa huko ng'ambo, nikamwambia mke wangu ampe mama yake aifiche katikati ya gunia lake.

"Umwambie tu ni mzigo ya mwalimu," nikasema.

Mke wangu akanitazama. "Unajua mama hawezi kataa kitu yako."

Nilijua. Kwao na kwetu, mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawakai kikao kimoja, na jambo likiwepo hupitia kwa mke. Mkwe hambebeshi mama mkwe mzigo wowote, na mama mkwe hakatai lililotoka kwa mkwe. Nikaivunja nusu ya kwanza ya desturi hiyo nikitegemea kwamba yeye ataishika ile ya pili. Na kweli, hakuuliza hata ni kitu gani. Alifungua gunia, akaiweka, akashona mdomo upya.

Mke wangu akatangulia Kegonga na mtoto wetu. Mimi nikavuka mikono mitupu, nikaketi kwenye kibanda cha chai upande wetu, eti nausindikiza mzigo kwa macho. Nikamwona mama mkwe anakuja, gunia kichwani, mwendo wake ule wa taratibu. Siku hiyo kulikuwa na afisa mgeni, mwanamke kijana, asiyemjua mtu.

"Mama, weka hiyo gunia chini. Fungua."

Akashusha. Akajaribu kueleza kwamba ni maharagwe tu. Afisa akaingiza mkono, akagusa kitu kigumu, akaamuru limwagwe lote. Maharagwe yakatawanyika kwenye sementi, na laptopu ikatokeza ndani ya kipande cha leso.

"Hii ni ya nani?"

Pale ndipo alipoinua macho, akaniona. Tulikuwa karibu, ningeweza kuitika bila kupaza sauti. Aliinamisha kichwa mara moja, kama desturi inavyotaka, akasema, "Ni yangu."

"Yako? Unaiwasha aje?"

Watu wakacheka. Waendesha boda wakasogea. Kijana mmoja akamkejeli yule bibi kizee kwa kelele, "Shosho ako digital!" Nikashika kikombe kwa mikono miwili. Nikajiambia, simama, mwalimu. Sema ni yako, ulipe kodi, mambo yaishe. Nikabaki nimekaa. Niliwaza juu ya mkuu wa shule, nikawaza juu ya wazazi wa wanafunzi, nikawaza faini. Juu yake yeye sikuwaza kabisa.

Afisa akasema wanawake kama hawa huwa wamefunga vingine kiunoni. Akamfungua leso ya nje, kisha ya ndani, pale pale mbele ya wanaume, mama akabaki na petikoti. Hakukuwa na kitu. Nami nikageuka, nikaukabili ukuta wa kibanda. Niligeuka kwa sababu angeweza kuninyooshea kidole. Nakumbuka vizuri kabisa, hakukuwa na sababu nyingine.

Nilipochungulia tena, leso alikuwa amejifunga, amepiga magoti anaokota maharagwe huku watu wakimkanyagia. Laptopu walibaki nayo, naye wakamwachilia. Akapita mbele ya kibanda changu bila kutazama upande wangu.

Jioni mke wangu akaniuliza, "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale," nikasema. "Nikageuka. Ama ulitaka nimwangalie mama yako akiwa vile?"

Akaenda kumlaza mtoto. Jibu lilinitoka haraka mno, na lilikuwa zuri, nikalishikilia. Kesho yake nilimtuma yeye akalipe kodi na faini kuikomboa laptopu, jumla ikapita ile bei ya Migori kwa mbali. Hata hapo sikwenda mwenyewe. Na tangu siku hiyo mama mkwe akifika mpakani husimamishwa. Wanammwagia gunia kila mara, na wachuuzi wenzake wameacha kuongozana naye. Hajawahi kumwambia mtu mzigo ule ulikuwa wa nani.

Mwaka huu mdogo wake mke wangu aliposwa, tukaenda Kegonga kuwapokea wakwe wapya. Wanaume tulikuwa sebuleni, mama mkwe jikoni na wanawake, ukuta katikati yetu. Nikamsikia akiwaeleza wageni, kwa sauti ya furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwake siku nyingi, mkwe anavyotakiwa kuwa.

"Muangalie huyu wetu wa Ndhiwa," akasema. "Siku ile mpakani walinifungua leso mbele ya watu. Wanaume wote walikodoa macho. Yeye peke yake aligeuka. Huyo mtoto alilelewa."

Wanawake wakaguna kwa kukubali. Sebuleni watu wakanitazama kwa heshima. Baba wa bwana harusi akaniwekea mkono begani, akamwambia mwanawe asikie vizuri, kisha akanigeukia mimi.

"Kweli, mwalimu," akasema. "Wazazi wako walifanya kazi."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, akisubiri nijibu.

"Asante, mzee," nikasema.