Nailoni ya Kiti cha Mbele

Dada yangu ana nyumba Nyakato, pale Musoma, na kazi ya kudumu. Mimi sina hata kimoja, lakini likija suala la gari, anayepigiwa simu ni mimi. Niliacha shule darasa la sita nikamfuata dereva wa lori la pamba pale Bunda, nikawa utingo wake, na tangu hapo nimeosha magari, nimeyasukuma, nimeyafungua na kuyaendesha katika miji ambayo sikukaa zaidi ya msimu mmoja. Gari nalijua kwa unyayo. Nikitaka kulisikiliza navua viatu, nazima redio, nafunga vioo.

Safari hiyo simu ilinikuta Tarime. Wakala wa magari alikuwa ameleta Musoma toleo jipya la lile gari dogo la familia, lile lililoinuka kidogo, ambalo dada ameendesha toleo lake la zamani kwa miaka mingi. Watu waliruhusiwa kulijaribu. Dada hakuhitaji kusikia sifa za wakala. Alitaka kujua jambo moja tu: mama ataweza kulipanda mpaka Kibara?

Mama anakaa Butiama alikoolewa, ila kwao ni Kibara, kule ziwani. Dada yake mkubwa bado yuko huko, macho yamepungua nguvu na hasafiri. Zamani walitembeleana kila baada ya mavuno. Kisha nyonga ya mama ikaanza kumsumbua. Gari la zamani la dada lina kizingiti cha juu na mlango mwembamba. Mara ya mwisho tulimnyanyua kama gunia, akalia kimyakimya mpaka Bunda, akaapa kwamba hapandi tena. Kwa hiyo dada alikuwa ameamua. Nikisema gari jipya linamfaa mama, ananunua. Nikisema halimfai, linarudi kwa wakala na habari ya Kibara inakwisha.

Tulitoka Musoma asubuhi, mimi kwenye usukani, dada kando yangu, wakala nyuma. Alikuwa mtu mzima mwenye tai na leso ya kufutia jasho, na sharti lake lilikuwa moja: Butiama, Bunda, kisha kurudi. Alipoona navua viatu alinitazama kwenye kioo.

Gari lilinipendeza kabla hatujamaliza nyumba za Nyakato. Usukani ulikuwa mwepesi lakini haukulegea. Injini ilizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu asiye na haja ya kubishana. Pale katikati, kwenye toleo la zamani palipokuwa na vitufe vya kuzungusha, sasa kulikuwa na kioo kama televisheni ndogo. Kila nilipovuka mstari kukwepa baiskeli, gari lililia tii-tii. Dada aliuliza limeharibika nini. Wakala akaeleza kwamba linaonya dereva akitoka kwenye njia yake. Nikamwambia huku Mara litachoka mapema.

Butiama tulimkuta mama amevaa kitenge chake cha Jumapili. Kando yake kulikuwa na mfuko wa viazi vitamu na jogoo aliyefungwa miguu. Dada alimkumbusha kwamba leo tunajaribu tu, tunaishia Bunda.

"Mtu hajaribu safari mikono mitupu," mama akasema, akampa wakala jogoo amshikie.

Kisha akapanda. Nililitazama lile tendo kuliko nilivyotazama kitu kingine chochote siku ile. Mlango ulifunguka mpana, kiti kilikuwa sawa na urefu wa nyonga yake. Alikaa kwanza, akageuka, akaingiza mguu mmoja, kisha mwingine, bila mkono wa mtu. Dada, ambaye sasa alikuwa amehamia nyuma, aligeukia migomba akajifuta macho kwa kiganja. Mimi moyoni nilishalinunua.

Viazi vilikaa katikati ya dada na wakala, na gari likaanza tena kulia. Wakala alieleza kwa aibu kwamba linadhani pale kuna abiria asiyefunga mkanda. Ikabidi avifunge viazi mkanda. Mama alicheka mpaka akakohoa.

Hatukufika mbali kabla kicheko hakijaisha. Kila nilipokanyaga breki, mama aliteleza mbele. Akajivuta nyuma, akateleza tena. Alishika mshikio wa juu ya mlango kwa mikono yote miwili, miguu ameikaza sakafuni. Tulipofika Makutano dada alitoa kanga kwenye mkoba, tukaitandika chini yake, ikawa kama tumeweka sinia juu ya mafuta: sasa aliteleza pamoja na kanga. Nilipunguza mwendo mpaka malori yakatupita yakipiga honi. Haikusaidia. Mama hakulalamika, na kwa mama yangu hiyo ndiyo dalili mbaya.

Bunda nilisimamisha gari kando ya barabara, mbele ya kibanda cha soda. Mama alikaa kidogo akipumua.

"Baba," akaniambia. Ananiita hivyo kwa kuwa nimerithi jina la baba yake. "Mrudishieni mwenyewe gari lake. Mimi na dada yangu tutaonana kwa Mungu."

Dada alishuka akasimama akitugeuzia mgongo. Wakala alimtazama jogoo.

Mimi nilikataa kichwani. Unyayo wangu ulikuwa umeniambia gari lile linameza mashimo vizuri kuliko lolote nililowahi kuendesha, na unyayo wangu na nyonga ya mama haviwezi kutoa habari mbili tofauti za gari moja. Tulimkalisha mama kwenye benchi la kibandani. Nikakaa kwenye kiti chake, nikamwomba dada aendeshe mpaka njia panda ya Kibara na kurudi, akifunga breki kama mimi. Breki ya kwanza, makalio yakaondoka. Ya pili, nikajikuta nimekaza mapaja na kiuno kinauma, mimi ambaye nimelala juu ya marobota ya pamba usingizi wa kukoroma.

Nikashusha mkono nikapapasa chini yangu. Nailoni. Ile nailoni ya kiwandani, ngumu, inayong'aa. Kiti cha dereva kilikuwa kimeshavuliwa ili wanaojaribu wasiteleze, ndiyo maana sikuhisi kitu njia nzima. Dada naye hakuhisi kitu kuja Butiama kwa sababu amezoea: gari lake la zamani alilikalia na nailoni yake mpaka ikachanika yenyewe kwa jua. Kwetu kuitoa nailoni ni kama kulizeesha gari kwa mikono yako.

Nilimwomba wakala tuitoe ya kiti cha mbele. Alikataa kwa upole. Gari si letu bado, na likirudi bila nailoni hakuna mtu Musoma atakayeamini kwamba ni jipya. Nilitegemea dada anisaidie, kumbe naye yuko upande wa wakala. Akasema hata akilinunua, nailoni inabaki. Vumbi la Nyakato analijua. Tutafute mto, tutafute blanketi.

"Dada, hili gari unamnunulia mama au unainunulia nailoni?"

"Usinipandishie sauti, mdogo wangu. Wewe kitu kipya umewahi kukitunza lini?"

Hapo alinipata, na wote wawili tulijua. Mama alikuwa akitusikia kutoka kwenye benchi. Hakuinua sauti.

"Mimi ya kwangu ilishatolewaga siku nyingi," akasema. "Na bado natembea. Kidogo."

Muuza soda ndiye aliyecheka kwanza. Dada alisimama na ufunguo mkononi, akamtazama mama, akatazama barabara ya Kibara. Kisha akaomba kisu kwa muuza soda.

"Ukikata, umenunua," wakala akamwambia.

"Nimesikia," dada akasema, akaingiza ncha ya kisu kwenye pindo.

Ilitoka kwa sauti ndefu ya kuchanika, na chini yake kulikuwa na kitambaa cha kijivu, kikavu, kinachoshika. Mama alipanda kama alivyopanda nyumbani. Wakala alimpigia bosi wake, akaongea naye pembeni, akarudi akifuta jasho, akakaa nyuma na viazi bila kuulizwa. Tukashika njia ya Kibara. Lami ilipotuacha kwenye mchepuko wa vumbi nilitazama mikono ya mama. Mshikio wa mlango ulikuwa unaning'inia peke yake, mikono yake iko mapajani, na yeye anahesabu mashamba na wenyewe, nani kalima muhogo, nani kaacha pori.

Mama mkubwa alimjua mdogo wake kwa sauti kabla hajamwona. Walishikana muda mrefu. Kisha alitaka kuliona gari. Alilipapasa kwa viganja, mlango, kiti cha mbele, akafika cha nyuma, nailoni ikalia chini ya vidole vyake.

"Na huku mbona hamjamaliza kulifungua?"

Nilimtazama dada. Alijifanya anashusha viazi. Siku hizi mama huenda Kibara kila baada ya mavuno, na mimi nikiwa karibu ndiye ninayempeleka. Viti vya nyuma bado vina nailoni. Dada huifuta kila Jumamosi kwa kitambaa chenye maji.